Kijiwe cha Shangazi: Joto letu sote, hela za nani?

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya ziwa Tanganyika kufungwa watu wasivue na tangu siku hiyo simu yangu haijapumzika, wengine mmetuma meseji ndefu kama hotuba ya mshenga, wengine mmenitukana (nimesoma zote, asanteni). Nimetoa chache. Ukizikamua zote zinauliza kitu kimoja, hivi kwenye haya mambo ya tabianchi na umeme na gesi kuna watu wanakula? Wapo wengi tu na wako kila upande, shida ni kwamba kila upande unakuonyesha sahani ya mwenzake.

Shikamoo Shangazi. Mi ni mvuvi wa dagaa mwalo wa Kibirizi. Mwaka 2024 walitufungia ziwa miezi mitatu, 15 Mei mpaka 15 Agosti, nyavu na taa zimelala ndani. Serikali inasema sisi ndo tumemaliza samaki, akija mtaalamu wa mradi anasema hapana ni joto la dunia, alafu kijana wangu yuko chuo ananiambia baba achana nao, tabianchi ni mchezo wa wazungu tusiendelee. Nimuamini nani? (Mvuvi, Kibirizi, Kigoma)

Marahaba mwanangu, poleni na kiangazi.

Chukua kikombe cha chai ya rangi, tia sukari alafu usikoroge. Onja juu, maji matupu. Sukari ipo ila imelala chini. Ziwa letu ndo liko hivyo, kina chake kinafika karibu mita 1,470, na virutubisho vya vile vijimea vidogo ambavyo bila hivyo dagaa hayupo vimelala huko chini kwenye baridi, kijiko cha kukoroga ni upepo wa kiangazi unaotoka kusini. Sasa maji ya juu yakizidi kupata joto yanakuwa mepesi, yanaelea juu ya yale ya baridi kama mawese juu ya mchuzi, upepo unakoroga weee cha chini hakipandi. Mwaka 2003 makundi mawili ya watafiti kila moja kivyake yaliandika hayo kwenye majarida ya Nature na Science, na moja likakadiria vijimea vimeshuka kama 20% hivi na samaki wanaoweza kupatikana kama 30%.

Kwaiyo joto ni kweli. Na nyavu nazo ni kweli, tusidanganyane, wewe mwenyewe unajua kokoro zinavyoshuka majini usiku na nani anafumba macho. Yote mawili yanamkaba dagaa mmoja.

Ila angalia, kila jibu lina mwenyewe. Kosa likiwa ni nyavu basi dawa ni rahisi, funga ziwa, choma nyavu, na gharama yote inabaki nyumbani kwako wewe. Kosa likiwa ni joto basi bili inasafiri inaenda kwa waliochoma makaa ya mawe na mafuta miaka zaidi ya mia na hamsini, na hao bili hiyo hawaitaki kabisa. Mwaka 2009 kwenye mkutano wa tabianchi kule Copenhagen nchi tajiri ziliahidi dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020 ziende kwa nchi maskini, zikafika kiwango hicho 2022, na sehemu kubwa ni mikopo, yaani mtu amekuchomea banda alafu anakukopesha mabati. Mwaka 2024 kule Baku nchi zetu zimeomba dola trilioni 1.3 zimeahidiwa bilioni 300 kwa mwaka, tena ifikapo 2035. Na huku kwetu nako kuna wakubwa wanalipenda sana hili neno tabianchi kwa sababu linawafutia madhambi, mtaro haukuchimbwa, mafuriko yamekuja, basi ni tabianchi. Limekuwa kama shetani, kila aliyelewa anamsingizia.

Kijana wako mwambie hivi. Vipimo vya joto la ziwa Tanganyika vipo tangu mwaka 1913, na hivyo ndo waliolinganisha navyo mwaka 2003. Mwaka 1913 hata reli ilikuwa haijafika Kigoma, imefika 1914. Hakukuwa na mradi, hakukuwa na posho, hakukuwa na mtu wa kutudanganya tusiendelee maana tulikuwa chini ya Mjerumani na hakuna aliyetaka tuendelee. Mtu katumbukiza kipimajoto kaandika namba kaondoka zake. Hiyo namba ndo inatusuta mpaka leo.

Binti yangu hujambo. Mimi mzee wa Kaliua, nalima tumbaku ya mvuke miaka mingi. Kila semina tunaambiwa sisi wakulima ndio tunamaliza miombo kwa kuni za bani, yale mabanda ya kukaushia tumbaku. Sikatai, miti inakwisha kweli. Lakini nimesikia redioni kwamba matajiri wa mafuta walijifunza uongo kwa matajiri wa sigara. Ni kweli au ni soga? (Mkulima, Kaliua, Tabora)

Shikamoo baba, mwangaluka. Sijambo. Ni kweli, na nikuambie mzee wangu, katika barua zote hii yako ndo nimeisoma mara tatu, maana ni mtu anayevuna majani yenyewe ndo ameuliza.

Madaktari walipoanza kusema sigara inaua, wenye viwanda Marekani waliona kwamba kubishana nao uso kwa uso hawatashinda, wakachagua njia nyingine. Kuna waraka wa ndani wa mwaka 1969 wa kampuni ya sigara ya Brown & Williamson ulikuja kuvuja, umeandika wazi kwamba shaka ndio bidhaa yetu. Siyo sigara, shaka. Ukimfanya mvutaji aseme "aah wataalamu wenyewe hawajaelewana" umeshauza pakiti nyingine.

Sasa twende kwenye mafuta. Kampuni ya mafuta ya Exxon ya Marekani, mwaka 1977 mwanasayansi wao wenyewe aliwaeleza mabosi kwamba kuchoma mafuta kutapandisha joto la dunia, na makadirio yao ya ndani ya miaka iliyofuata yalipokuja kupimwa na watafiti mwaka 2023 mengi yakakutwa yalikuwa sahihi, walijua. Wakafanyaje? Mwaka 1989 kampuni za mafuta, makaa na magari zikaunda umoja uitwao Global Climate Coalition, jina zuri utadhani wa kupanda miti, kazi yake kusema ushahidi bado bado. Ulidumu mpaka 2002. Na yupo mwanafizikia mkubwa kabisa, Frederick Seitz, aliwahi kuwa rais wa akademia ya taifa ya sayansi ya Marekani, huyu kuanzia mwaka 1979 alikuwa mshauri wa kampuni ya sigara ya R.J. Reynolds akiwasimamia hela za utafiti, na baadae akawa sura ya mbele ya taasisi iliyopinga sayansi ya tabianchi. Mtu yuleyule baba. Redio haikudanganya.

Ujanja wa shaka ni kwamba hauhitaji kushinda. Umewahi kuona kesi ya shamba kwenye baraza la kata? Yule aliyevamia hana hata haja ya kushinda kesi, kila tarehe anaumwa, kila tarehe shahidi wake kasafiri, kesi inaahirishwa na yeye huku analima, anavuna, analima tena. Mwaka 1997 kabla hata ya mkutano wa tabianchi wa Kyoto seneti ya Marekani ilipiga kura 95 kwa 0 kwamba hawataki mkataba ambao nchi maskini hazibanwi nazo. Kura sifuri za kupinga! Mkataba wa tabianchi wa Paris wa 2015 Marekani imeingia, imetoka, imerudi 2021, Januari 2025 Trump akasaini kutoka tena. Tarehe ya kesi inasogezwa tu.

Na shaka ilipoanza kuchuja wakaja na kitu kingine ambacho nadhani ndo kimekufikia wewe huko kwenye semina. Mwaka 2004 kampuni ya mafuta ya BP ilileta kwa watu kikokotoo cha kila mtu kupima uchafu wake mwenyewe, umepanda gari mara ngapi, umekula nyama mara ngapi. Yaani muuza mafuta anamuuliza mnunuzi kwanini ananunua. Sasa wewe unaambiwa kuni za bani lako, na ni kweli kuni zinaisha, mtu anapita Kaliua leo anaona mwenyewe, lakini tumbaku hiyo haukai ukaivuta wewe. Kuna anayeinunua kwa bei anayoipanga yeye akiwa amekaa mezani na AMCOS (chama chenu cha ushirika), na sidhani kama kwenye bei hiyo kuni ina mstari wake, ni kama mti umejiotea bure. Bei ingekuwa na mstari wa kuni ungejenga bani linalokula kuni nusu. Siku nyingine ukiwa semina simama uulize hilo, kwa adabu, alafu uniandikie walijibu nini.

Dada habari, mi kijana wa Nzega. Bomba la mafuta linapita kwetu na kiwanda cha kuyavisha mabomba kiko Sojo. Wanaharakati wa Ulaya wanasema linaua dunia, huku wanasema ni neema. Nani muongo? (Nzega, Tabora)

Salama tu mdogo wangu. Kwenye namba hakuna muongo, wanachofanya ni kuchagua pa kuanzia kuhesabu na pa kuishia.

Bomba hilo la mafuta ghafi kutoka Uganda lina kilomita 1,443, kati ya hizo 1,147 ziko kwetu, linapita mikoa 8 mpaka Chongoleani Tanga. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, yakipoa yanaganda kama samli ya asubuhi, kwaiyo bomba lazima lipashwe muda wote lifike nyuzi 50 na ndo maana hapo Sojo mabomba yanavishwa koti. Wenye bomba wakihesabu hewa chafu wanahesabu ya kupasha na kusukuma, inatoka kidogo. Wapinzani wanaendelea kuhesabu mpaka mafuta yakachomwe kwenye magari huko yanakoenda, wanapata kama tani milioni 34 kwa mwaka. Bomba ni hilohilo moja.

Ndivyo wanavyofanya na nchi pia. Ukihesabu nani anachafua zaidi leo ni China. Ukihesabu tangu viwanda vianze ni Marekani. Ukigawa kwa kichwa cha mtu Mchina anashuka na waarabu wa Ghuba wanapanda. Afrika nzima, kwa moshi wa kuchoma mafuta, gesi na makaa ya mawe, haifiki hata 5%. Kila mjumbe anaenda mkutanoni na hesabu inayompendeza, na mikutano yenyewe sasa, ule wa Dubai 2023 mwenyekiti wake alikuwa bosi wa kampuni ya taifa ya mafuta ya Falme za Kiarabu, na watetezi wa kampuni za mafuta, gesi na makaa waliohesabiwa humo ndani walikuwa 2,456. Ni kama kikao cha kupunguza pombe kimefanyikia kilabuni.

Rudi kwenye bomba. TotalEnergies ya Ufaransa ina 62%, kampuni za taifa za Uganda na Tanzania 15% kila mmoja, CNOOC ya China 8%. Njia nayo ilikuwa vita, Kenya walilitaka lipite kwao, mwaka 2016 Uganda wakachagua Tanga, Nairobi walinuna. Septemba 2022 Bunge la Ulaya likapitisha azimio kulipinga. Na mwaka huohuo, Urusi imevamia Ukraine, gesi imekatika, meli zikaja Mtwara kubeba makaa ya mawe ya Ruvuma kupeleka Ulaya! Januari 2023 Ujerumani polisi wakawa wanawaburuza watu kuwatoa kwenye kijiji cha Lützerath ili wachimbe makaa. Nilicheka peke yangu sebuleni.

Lakini nikishacheka lazima niseme na hili, jirani mlevi akikugongea usiku kwamba paa lako linawaka usianze kumuuliza amekunywa ngapi. Unafiki wa Ulaya haupunguzi hata chembe ya moshi. Na neema nayo usiimeze nzima nzima, ajira nyingi za bomba ni za kujenga, likishafukiwa linataka watu wachache sana, kwaiyo wewe kama una kazi hapo Sojo chukua ufundi, uliza cheti, vyeti vya kuchomelea vinatembea hata bomba likiisha.

Shangazi mambo. Mi nauza chakula soko la Mwanga. Nilipata mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 kwa bei ya ruzuku, umeisha nimerudi kwenye mkaa. Gesi si ni ya kwetu Mtwara mbona bei haishuki? Na hii kampeni ya nishati safi anafaidika nani? (Mama lishe, Mwanga, Kigoma)

Poa mpendwa. Hilo la Mtwara ngoja nilinyooshe kwanza maana hata wasomi wanajichanganya. Gesi ya Mtwara na Lindi siyo hiyo ya kwenye mtungi. Ile ya chini ya ardhi inapita kwenye bomba inaenda Dar kuzalisha umeme na viwandani. Ya mtungi ni mtoto wa mafuta, inakuja na meli kutoka nje, ikipanda dola nayo imepanda, wakipigana mashariki ya kati wewe Mwanga unalipa.

Sasa unaona nani anafaidika. Mei 2024 kulikuwa na mkutano Paris wa nishati safi ya kupikia Afrika, Rais wetu Samia alikuwa mmoja wa wenyeviti, zikaahidiwa dola bilioni 2.2, na kampuni za mafuta zilikuwa mezani zikiahidi kuuza gesi zaidi, hata TotalEnergies haohao wa bomba la swali la juu. Kwao kila jiko la mkaa likizimwa ni mteja mpya wa kudumu. Mkaa nao usidhani ni yatima. Mwenye lori, wa kwenye mageti, mwenye stoo, na serikali yenyewe inakusanya ushuru wa mkaa kwa mkono wa kulia huku wa kushoto unaandika mkakati wa asilimia 80 ya watanzania kuacha mkaa na kuni ifikapo 2034.

Na bado mkakati siupingi. Serikali inasema moshi wa majikoni unaua watu zaidi ya 33,000 kila mwaka nchini, na mimi mama yangu mzazi alikohoa miaka, sihitaji mtu anisomeshe.

Ninachokushauri ni kitu ambacho hakisemwi sana kwa sababu hakina mtu mkubwa wa kukiuza. Umeme. Najua utacheka, sisi Kigoma tumezoea majenereta ya dizeli, mpaka mwaka 2022 mkoa ulikuwa haujaingia gridi na dizeli ilikuwa inakula zaidi ya hela inayokusanywa, nani angethubutu kupikia. Sasa hivi bwawa la Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9 yenye uwezo wa megawati 2,115 (nalo lilipingwa vikali na watu wa hifadhi kwa sababu ya Selous, wamisri wakajenga). Mwezi uliopita nilichukua jiko la presha la umeme la shemeji yangu, nikaweka maharage ya soya ya njano nusu kilo bila kuloweka, nikaandika namba za LUKU kwenye kiganja kabla sijawasha. Yalipoiva nikaenda kusoma tena, haikuwa imefika hata nusu uniti. Nikadhani mita imekufa. Nikarudia kesho yake na makande, nayo hivyohivyo, haikufika uniti 1.

Kwa chapati na ugali wa watu sitini haliwezi, huko endelea na mkaa au gesi, ila maharage na nyama ndo vinavyokula mkaa wako tangu saa kumi alfajiri. Andika kwenye daftari wiki moja mkaa unaonunua pamoja na yale makopo ya dharura ambayo huwa huyahesabu. Hayo makopo ndo yanakumaliza.

Shangazi mi navuka na boti kwenda Kalemie kibiashara. Huko stori ni madini ya Manono tu, eti ndo yataiokoa dunia. (Ujiji, Kigoma)

Litiamu, ya betri za magari na za sola. Manono iko jimbo la Tanganyika, mji mkuu wake ndo hiyo Kalemie yako. Hapo kampuni ya AVZ ya Australia inasema haki ni yake, Zijin ya China ikapewa sehemu, wamepelekana kwenye mahakama za usuluhishi, alafu 2025 ikaja KoBold ya Marekani ambayo nyuma yake kuna hela za Bill Gates na Jeff Bezos nayo ikasaini na Kinshasa. Kobalti ndo usiseme, Congo inatoa zaidi ya theluthi mbili ya dunia nzima. Na paneli za sola, kila hatua ya kuzitengeneza China inashika zaidi ya 80%, kwaiyo ukisikia Marekani anaikebehi sola ujue sehemu ya hasira ni kwamba duka siyo lake. Congo hiyohiyo Julai 2022 ilinadi vitalu vya mafuta vikiwemo vya ndani ya ziwa hili unalokatiza na boti, Oktoba 2024 ikafuta mnada. Wanaouza dawa na wanaouza ugonjwa wanapishana kwenye korido moja. Wewe angalia tu wateja wa Kalemie wakiongezeka hela wanataka bidhaa gani, hiyo ndo Manono yako.

Shangazi shikamoo. Mimi ni mwenyekiti wa kijiji Uvinza. Wamekuja watu na gari zuri wanataka msitu wetu kwa hewa ukaa, wanasema tutalipwa kwa kutokata miti. Tusaini? (Uvinza)

Marahaba mwenyekiti. Siyo utapeli wote. Majirani zenu wilaya ya Tanganyika, Katavi, milima ya Ntakata, vijiji vyao vimepata hela za kweli zikajenga madarasa na zahanati, panda gari nenda ukaongee na mwenyekiti mwenzako kabla hujaongea na mwanasheria yeyote. Wahadzabe wa bonde la Yaeda walianza mapema kuliko wote. Na kanuni za nchi za biashara hii zipo tangu 2022.

Ila jua mnachouza. Kampuni huko nje, ya ndege au ya mafuta, inaendelea kutoa moshi alafu inanunua cheti kwamba Uvinza hawajakata miti, basi inajiita safi. Mwaka 2023 waandishi wa Uingereza na Ujerumani walichunguza vyeti vya misitu ya mvua vilivyopitishwa na Verra, shirika linaloidhinisha vyeti hivyo, wakaandika kwamba zaidi ya 90% vilikuwa havina upungufu wowote wa kweli, Verra wakakataa wakasema hesabu zao mbovu. Ugomvi haujaisha mpaka leo. Mwaka huohuo kampuni ya Dubai iitwayo Blue Carbon ilisaini makubaliano ya awali na Tanzania ya hekta kama milioni 8, nyuma yake ni mtu wa ukoo wa kifalme wa mafuta. Unaona mzunguko wenyewe.

Kwenye karatasi tafuta vitu hivi. Miaka mingapi, maana wengine wanaandika 30 na wewe utakuwa kaburini. Asilimia ya nini, ya mauzo yote au ya kinachobaki baada ya wao kujilipa gharama, hapa ndo vijiji vingi vinalia. Mizinga ya asali na uyoga na dawa mtaruhusiwa kuingia kuchukua? Moto ukiingia kutoka kijiji cha pili nani analipa? Na waambie wakuachie nakala ya Kiswahili mkaisome kwenye mkutano mkuu wa kijiji bila wao kuwepo. Wakisema haiwezekani mkataba ni siri, wape maji ya kunywa waende salama.

We Shangazi unaandika sana haya mambo, unalipwa na nani? (Msomaji, Kasulu)

Mwakeye! Swali zuri na lina adabu ndogo, nimelipenda.

Gazeti linanilipa, kidogo, na huchelewa. Lakini nikiri, mwaka juzi nilialikwa semina ya tabianchi kwenye hoteli moja hapa mjini, siku mbili, kiyoyozi kinapuliza mpaka tunavaa makoti, jenereta linanguruma nyuma ya jiko, chakula cha mchana kuku na migebuka ambayo sokoni ilikuwa haishikiki kwa bei. Nikapewa posho ya siku mbili, nauli ya kutoka Mwanga (natembea kwa mguu dakika kumi) na begi jeusi lenye nembo. Nilirudi nikaandika makala tamu sana kuhusu ule mradi. Nimeisoma tena wiki hii, hakuna hata mstari mmoja unaosema mradi ulifanya nini. Hela niliitumia. Begi lipo, mjukuu anabebea madaftari, zipu imekufa upande mmoja.